Usipime Kila Msomi kwa Gorogoro Moja



Juzi nilikuwa kibandaski pale Lurambi, karibu na Masinde Muliro, nakula zangu chapati madondo. Vijana wawili wakaanza kubishana: kati ya lekchara wa tiba na lekchara wa historia, nani msomi zaidi? Mmoja akatoa simu, akafungua Google Scholar, akahesabu kazi za kila mmoja zimenukuliwa mara ngapi na wasomi wengine. "Huyu elfu nne, yule mia moja na kitu. Kesi imeisha." Kibanda kizima kikaitikia.

Mimi nilikataa, na bado nakataa.

Ile namba inayopendwa sana, h-indeksi, ilibuniwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California. Ukiwa na makala 10, na kila moja imenukuliwa angalau mara 10, basi h yako ni 10. Rahisi hivyo. Lakini Hirsch mwenyewe alionyesha kwamba watu wa bayolojia huwa na namba kubwa kuliko watu wa fizikia. Sisi tulichukua gorogoro lake, onyo tukaliacha hukohuko. Gorogoro ni la mahindi, jameni. Nani huenda sokoni kununua kitambaa kwa gorogoro?

Mwaka 2015 ilitoka makala moja ya fizikia yenye waandishi 5,154. Ndiyo, elfu tano na zaidi, makala moja! Ikinukuliwa mara moja, wote wanahesabiwa. Sasa mlinganishe na Gideon Were, aliyekusanya simulizi za wazee wa huku kwetu Magharibi, na 1967 akatoa kitabu cha historia ya Abaluyia kinachoanzia karibu mwaka 1500. Kazi kama hiyo inakula miaka. Na hesabu ya h inasemaje? Mtu akiandika kitabu kimoja tu, hata kinukuliwe mara elfu tatu, h yake ni 1. Moja!

Halafu kuna wale ambao hawatoshei kwa idara yoyote. Calestous Juma, mtoto wa Budalang'i, alifundisha shule ya msingi, akawa mwandishi wa Daily Nation, akaishia kuwa profesa Harvard. 1989 aliandika kuhusu jeni na mbegu. 2011, kilimo cha Afrika. 2016, kwa nini watu hupinga teknolojia mpya. Huyo utampima na nani? Wanabayolojia? Wachumi? Watu wa siasa? Kila taaluma ina namna yake ya kunukuu. Ukitaka kujua uzito wa Juma, kaa chini umsome.

Kwangu mimi hili si jambo la kubishania kwa chai tu. Nilipokuwa chuo, ambacho sitakitaja, nilitaka kuandika tasnifu kuhusu nyimbo za isukuti za Waisukha na Waidakho, tena kwa Kiswahili. Isukuti hiyohiyo ambayo UNESCO iliiweka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Msimamizi wangu akaniuliza swali moja tu: "Hiyo itanukuliwa na nani?" Nikabadilisha mada. Mzee wa Shinyalu aliyeniahidi kunifundisha maneno ya nyimbo za zamani alifariki mwaka uliofuata. Hiyo hasara iko kwenye indeksi gani?

Najua mtaniambia: bila namba, vyeo vitapewa kwa undugu na ukabila. Ni kweli, na mimi pia sitaki hivyo. Namba inaweza kumuumbua profesa ambaye hajaandika kitu tangu apate kiti. Hapo sina ubishi. Lakini namba zenyewe zinachezewa: watu wananukuliana kama chama cha kuzungushiana pesa, wengine wanalipia majarida yanayochapisha chochote. Undugu umebadilisha nguo tu.

Ninachodai si kikubwa. Mhadhiri akiomba cheo, alete kazi zake tatu bora, na jopo lizisome. Kusoma, si kuhesabu. Mwanahistoria alinganishwe na wanahistoria. Utafiti wa Kiswahili upimwe na wanaojua Kiswahili, si na hifadhidata ambayo haina hata majarida yetu. Tena kila mtu aulizwe: wewe ukitoka, nani amefaidika? Hata huko San Francisco, tangu 2012 kuna wasomi waliotoa azimio kwamba kazi ipimwe kwa ubora wake, si kwa umaarufu wa jarida lililoichapisha. Kwa hivyo msiniambie ni wivu wa watu wa Kakamega.

Na wewe komredi unayesoma hii: ni mada gani uliambiwa uiache kwa sababu "haitanukuliwa"? Rudi uiandike, kabla mzee wako naye hajaenda.