Simu Haina Hodi

Anayefika nyumbani kwa mwenzake hubisha hodi, hungoja karibu, husalimu na kuuliza habari za watoto. Ndipo aeleze kilichomleta. Hata mwenye kinyongo hupitia njia hiyo, na mara nyingi kinyongo chenyewe hupungua kabla hajaketi, kwa kuwa ameuona uso wa mwenziwe. Kwenye simu hakuna hodi. Twaingia usiku wa manane katika chumba cha mtu na matusi yetu, wala hatumwoni akilia.

Twasema haya kwa sababu twajua yalikotufikisha. Kabla na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe wa kuchochea kabila moja dhidi ya jingine ulisambazwa kwa simu nchini mwetu Kenya. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha katika ghasia zile. Hatudai kwamba simu ndizo zilizoua. Dhuluma za ardhi na siasa za ukabila zilitangulia. Lakini wengi waliopitisha maneno yale walikuwa watu wa kuombana chumvi na majirani, ambao wasingethubutu kumtamkia mama wa nyumba ya pili yale waliyoyatuma kwa kidole.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliweka, kwa matamshi ya chuki, faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ni vyema. Ila mahakama haiketi katika kila kikundi cha WhatsApp. Kampuni hiyo yenyewe, Januari 2019, iliamua kwamba ujumbe usipitishwe kwa zaidi ya watu au vikundi 5 kwa mara moja; twaona ilikiri kwa tendo kuwa haraka ni sehemu ya ugonjwa.

Je, tuzime simu? La hasha! Dada zetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia wamejirekodi wakieleza mapigo na mishahara waliyonyimwa, maneno ambayo mbele ya mwajiri yasingetoka kinywani. Mnyonge anayejificha ili aseme kweli juu ya mwenye nguvu hatumweki fungu moja na mwoga anayejificha ili amchafue jirani.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: tuhuma dhidi ya mwanajumuiya isijadiliwe kamwe katika kikundi cha simu. Msimamizi aufute ujumbe, kisha amwendee aliyeutuma, asimkemee hadharani. Mwenye lalamiko naye aende kwa mhusika, na ikibidi afuatane na wazee wawili. Anayeogopa kwenda kwa kuwa mhusika ana mamlaka juu yake, aje kwetu. Jina lake tutalihifadhi.