Wenye Dola Hununua Machozi Yetu

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alisimama katika kanisa moja hapa Mweso, Masisi, mashariki mwa Kongo, akatuambia kwamba Mwafrika yeyote anayetengeneza filamu kuhusu wanawake wanaopendana wao kwa wao amenunuliwa kwa dola za Wazungu. Akatoa mfano wa Kenya, akaitaja filamu ya Rafiki kwa jina, na watu wakaitikia amina. Tangu siku hiyo nina hasira, na kilichonikera zaidi ni ile amina. Madai hayo nimeyasikia redioni, sokoni, kwenye magari ya kwenda Goma, hata kwa walimu ninaowaheshimu, na sijapata kumsikia mtu akiuliza hizo dola hununua nini hasa.

Sisi wa Masisi tunalijua jibu kuliko wengine wote. Kamera za kigeni zikija kwetu huja na dereva, mkalimani na bahasha, na hujua mapema zinachokitaka. Bomu lilipoangukia Mweso mwishoni mwa Januari 2024 na kuua raia wapatao 20, dunia ilikumbuka jina letu kwa siku chache, kisha ikalisahau. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilikuwapo wapiga picha walipomwomba mama mmoja wa mtaani kwetu asimulie upya jinsi alivyobakwa, kwa sababu mara ya kwanza hakulia. Nyumba ya pili kutoka pale palikuwa na harusi. Vigelegele vilikuwa vinasikika, kreti za bia ya Primus zimepangwa ukutani, bibi harusi anacheza na shangazi zake. Niliwaomba wageni wale wapite japo dakika chache waone. Wakasema hawana muda. Muda wa kumrudisha mama yule kwenye kilio chake walikuwa nao.

Hiyo ndiyo bidhaa inayonunuliwa Kivu: maiti, ubakaji, mtoto mwenye bunduki. Anayezitaka dola anajua la kufanya, na wala si kuandika kisa cha wasichana wawili wanaocheka.

Sasa tumtazame huyo anayeambiwa amenunuliwa. Wanuri Kahiu, mwongozaji wa Rafiki, ni mzaliwa wa Nairobi. Filamu yake ndefu ya kwanza, From a Whisper ya mwaka 2008, ilihusu bomu lililolipua ubalozi wa Marekani mjini humo mwaka 1998, na ikamletea tuzo ya mwongozaji bora katika Africa Movie Academy Awards mwaka 2009. Mwaka huohuo akatoa Pumzi, filamu fupi kuhusu ulimwengu ujao uliokaukiwa maji, ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance 2010. Kama alikuwa na njaa ya pesa, njia ilikuwa wazi mbele yake: ugaidi, ukame, simanzi. Angeifuata hiyo angekula na kushiba. Badala yake akaanza kusema hadharani kwamba Mwafrika hupewa fedha za sanaa akizungumzia vita, UKIMWI au umaskini, na kwamba yeye anataka kazi za furaha, za rangi kali, za Waafrika wanaoishi na kupendana. Msimamo huo akaupa jina la Afrobubblegum. Kuwaambia wenye mifuko kwamba umechoka na kitu wanachokilipia si tabia ya mtu aliyenunuliwa.

Rafiki ilizaliwa katika msimamo huo. Kisa chake kimetokana na hadithi fupi “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko, mwanamke wa Uganda, iliyoshinda tuzo ya fasihi ya Caine mwaka 2007. Yaani hata mbegu yake ilitoka hapa jirani, ng'ambo ya mpaka wetu wenyewe. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja. Kena anacheza mpira na wavulana na kusaidia katika duka la baba yake, Ziki ana nywele za rangi zote na hamu ya kuiona dunia. Wanapendana. Mtaa unagundua, umati unawapiga, Kena anapelekwa kanisani aombewe atolewe pepo, Ziki anapelekwa London. Lakini Wanuri hakuwaua, na mwisho wa filamu unaacha mlango wazi.

Mlango huo ndio uliomponza. Aprili 2018 bodi ya filamu ya Kenya, KFCB, iliyokuwa chini ya Ezekiel Mutua, iliipiga marufuku Rafiki. Kabla ya hapo bodi ilikuwa imemtaka Wanuri aubadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Ilitaka wasichana wale waonekane wakijuta. Alikataa.

Naomba msomaji alitafakari hilo. Wapiga picha waliokuja Mweso walimtaka mama yule alie. Bodi ya Nairobi ikataka Kena alie. Mmoja amejificha nyuma ya huruma, mwingine nyuma ya maadili, na wote wawili wanadai machozi ya mwanamke Mwafrika kabla hawajamruhusu aonekane. Huwezi kusema Wanuri aliwatii Wazungu wenye dola wakati aliwanyima kitu kilekile alichoinyima serikali ya nchi yake.

Na malipo yake yalikuwa nini? Mei 2018 Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, wakati nyumbani kwake ilikuwa haramu. Ilibidi aende mahakamani. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, ili filamu ipate sifa ya kuweza kupelekwa Oscar, akiruhusu watazamaji watu wazima tu, na akasema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa misingi yake na filamu moja. Kumbi zikajaa. Siku saba zikaisha, marufuku ikarudi, na Kenya ikapeleka Oscar filamu nyingine, Supa Modo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaikataa kesi yake. Mwaka 2022 alipoongoza filamu ya Netflix, Look Both Ways, ilikuwa hadithi ya msichana wa Marekani. Mtengenezaji wa filamu anayejitegemea huishi kwa tiketi za nyumbani, kwa televisheni za nyumbani, kwa diski zinazouzwa vibandani. Wanuri alifungiwa soko lake mwenyewe, na bado watu wanaitikia amina kwamba alitajirika!

Nasikia jibu: “Lakini fedha za kuitengeneza zilitoka Ulaya.” Ndiyo, zimo fedha za Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani, na kampuni ya Afrika Kusini ilishiriki pia. Hospitali kuu ya Mweso nayo kwa miaka mingi imeendeshwa kwa msaada wa Médecins Sans Frontières, fedha za kigeni tupu. Watoto wetu wamezaliwa pale, wapwa zetu wametolewa risasi pale. Mhubiri anayeona fedha za kigeni ni najisi aanze kwa kuwaambia kina mama wa Mweso kwamba watoto wao wamenunuliwa. Tena aeleze mabati ya makanisa mangapi ya mkoa huu yalilipiwa na waumini wa Ulaya na Marekani.

Wapo wanaosema watoto wataiga. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na nashangaa watu wazima wanaitamka bila haya. Anayedhani msichana atawatazama Kena na Ziki wakipigwa na umati, halafu atamani naye yampate, hajaiona filamu anayoihukumu. Na hao wanaoogopa kuiga wako wapi jioni, katika nyumba zetu za video, ambako watoto wa miaka minane wanalipa franga chache kutazama watu wakichinjwa na kumiminiwa risasi mpaka usiku? Tunaishi Masisi, ambako wavulana wasioota ndevu wamebeba bunduki za kweli. Sijamsikia mhubiri akizitaja nyumba hizo. Sijamsikia pia akiwataja wanaume wanaobaka kwenye njia za mashambani, ingawa baadhi yao huketi viti vya mbele ibadani, wala watu wa bariera wanaowanyang'anya kina mama maharagwe yao njiani kwenda Sake. Sauti yake hupanda tu pale wanawake wawili wanaposhikana mikono.

Hata wapenzi wa filamu za Kongo wanajua kwamba jambo hili si geni kwetu. Viva Riva! ya Djo Munga, iliyotoka 2010, ina mwanajeshi mwanamke, Kamanda, anayempenda mwanamke mwenzake. Yumo katikati ya magenge, rushwa na damu ya Kinshasa. Filamu hiyo ilizoa tuzo nyingi za Afrika mwaka 2011, na sikumbuki mahubiri hata moja juu yake. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke yule ameonyeshwa ndani ya mateso, na tumezoea kumwona Mkongo ndani ya mateso. Kinachotisha ni furaha.

Na wanaopenda kupiga marufuku tunawajua pia. Mwaka 2015 serikali ya Kinshasa ilizuia filamu ya Thierry Michel kuhusu Daktari Denis Mukwege, ikidai inalitukana jeshi, mpaka kelele zilipoilazimisha kuiruhusu. Filamu iliyozuiwa ilikuwa inamwonyesha mtu anayewatibu mama zetu. Siku hiyo hapakuwa na wapenzi wa jinsia moja wa kusingiziwa. Mwenye mkasi hakosi sababu.

Anayetaka ushahidi wa Waafrika wenyewe ausome huu. Mwaka 2019, huko Ouagadougou, FESPACO, tamasha kubwa la filamu la bara hili, ilimpa Samantha Mugatsia tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa kumwigiza Kena. Tuzo hiyo ilitolewa kwenye ardhi ya Afrika, kwa filamu ambayo Mkenya aliyekuwa Nairobi alikatazwa kuitazama.

Pale Goma, Yole!Africa imekuwa ikiwafundisha vijana wetu kushika kamera kwa zaidi ya miaka 20. Siku moja binti wa Kitchanga au wa Mweso atatoka huko na kisa cha wasichana wawili wanaouza maharagwe sokoni na kupendana. Mfadhili atamwambia aongeze waasi na ubakaji ili kieleweke Ulaya. Mchungaji atamwambia amalizie kwa toba. Akija kuniuliza mimi, nitamwambia awanyime wote wawili, awaache wasichana wake wacheke mpaka mwisho, na mimi nitatafuta jenereta, shuka jeupe na ukumbi wa kuionyesha filamu yake hapahapa.