Samadi ya Mikarafuu Isingoje Msimu

Wanachama wenzangu,

Kila msimu wa kuchuma unapokaribia, jambo moja hurudi mashambani kwetu. Mtu hutazama juu, akaona ncha za matawi zimeshika karafuu, moyo ukamfurahi, na hapo ndipo anapoikumbuka samadi. Hukodi gari la ng'ombe, akazoa zizi zima na kulimwaga kwenye mashina, kisha akakaa kungoja neema. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo simcheki mtu. Nasema tu kwamba wakati tunaouchagua si wake.

Mwaka mmoja niliuza mbuzi wawili mwezi wa Juni nikanunua samadi mbichi, nikairundika mashinani. Kipupwe kikawa kikavu, nayo ikakauka pale juu kama mkate uliosahauliwa. Mvua za vuli ziliponyesha wachumaji walikuwa wamekwisha kupanda mitini. Karafuu sikuziona kuzidi. Kilichozidi ni majani ya chini, yakafika magotini, na karafuu zilizoanguka zikapotea humo. Siku ya kulipa wachumaji nilikwenda kukopa, na fedha ya mbuzi ilikuwa imelala chini ya miti.

Sababu yake si siri. Karafuu hutoka kwenye ncha ya tawi, nayo huchukua kiasi cha miezi 5 au 6 tangu kuchomoza mpaka kufaa kuchumwa. Basi mzigo tunaouona leo mti uliuandaa kwa chakula ulichokula zamani, wakati tawi lile lilipokuwa likikua. Samadi si dawa ya sindano. Sharti ioze, inyeshewe, ishuke ardhini, ndipo mizizi ipate kuinywa. Hata kama maji yangeinenepesha karafuu mbichi, mizani hupima karafuu kavu, na kilo 3 mbichi zikianikwa hubaki kiasi cha kilo 1. Wanasema ng'ombe hanenepeshwi siku ya mnada.

Wako watakaonijibu kuwa mti wenye mzigo ni kama mama mja mzito, na mja mzito hulishwa. Ni kweli, lakini hakuna anayengoja uchungu uanze ndipo apike. Wengine watasema wazee wetu hawakutia samadi na walichuma. Hilo nalo ni kweli. Ila wazee wa Pemba, ambao miti yao ilisalimika kwa sehemu kubwa katika tufani ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, walipanda katika ardhi iliyokuwa na mboji ya msitu. Sisi tumeirithi ardhi ile ile baada ya kuchumwa zaidi ya miaka mia. Kila gunia linalokwenda kuuzwa limebeba sehemu ya ardhi hiyo, nasi hatujarudisha kitu.

Wakati wake hasa ni baada ya kumaliza kuchuma, kabla ya masika, yaani Februari na mapema Machi. Hapo mti umechoka, unataka kutoa vitawi vipya, na ncha za vitawi hivyo ndizo zitakazobeba karafuu za baadaye. Masika yakiingia huikuta samadi tayari na kuishusha. Iwe imeoza vizuri, kwa kuwa mbichi ina moto na mbegu za magugu. Isigusane na shina. Itandazwe chini ya ukingo wa kivuli cha mti, ifunikwe kwa majani makavu, wala tusichimbe kwa nguvu, maana mizizi inayokula iko juu juu. India, mkulima hushauriwa kuupa mkarafuu wa miaka 15 na zaidi kiasi cha kilo 50 za samadi au mboji kwa mwaka, nao huitia mwanzoni mwa mvua. Asiyeweza kilo 50 atie 20, lakini azitie kwa wakati.

Msimu unapokaribia kazi ni nyingine. Tufyeke chini ya miti ili karafuu zinazoanguka zionekane, na majani tuliyofyeka yabaki hapo hapo yawe mboji. Tutazame kamba na mikeka. Tuweke akiba ya ujira. Na tuwasimamie wachumaji wasivunje matawi, kwani tawi lililovunjwa ni mazao ya mwaka mwingine yaliyotupwa, na donda lake ni mlango wa maradhi. Hakuna samadi iwezayo kuliunga.

Mwisho nina ombi kwa mkutano wetu. Mikopo midogo ya samadi ambayo wengi wetu huiomba mwezi wa Juni, chama kiifungue mwezi wa Januari, wakati kila mtu ana chochote mkononi na anaweza kuchangia nusu yake. Mwezi wa Juni fedha za chama ziwe za kuwakopesha wanachama ujira wa wachumaji, ili asiwepo wa kuuza karafuu zake zingali mtini kwa bei ya kuonewa. Najua Januari ndiyo miezi ya harusi na mabati mapya, na mti uliokwisha kuchumwa haumkumbushi mtu deni lake. Lakini ndio wakati pekee unaoweza kulipokea.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mkulima wa Pemba