Kumbukumbu za Vita Zisifichwe

Wapo walimu wenzetu hapa Uganda wasemao kwamba mwanafunzi asisimuliwe habari za vita, eti atakichukia Kiswahili. Nakataa: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mwaka 1979 nilikuwa mtoto. Askari waliotutisha walitoa amri kwa Kiswahili. Kisha wakaja askari wa Tanzania, wakatusalimu kwa Kiswahili kile kile. Marehemu mama aliikumbuka amri; mimi naikumbuka salamu. Ni nani kati yetu mwongo? Hakuna.

Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Lakini tangazo halizai imani. Mzee aliyeporwa kwa lugha hii hataiamini kwa kuwa sisi tumenyamaza. Ataiamini siku mjukuu wake atakapomwuliza kwa lugha hiyo hiyo, "Mzee, ilikuwaje?" na kuliandika jibu bila ya kulipamba.

Ndugu walimu, swali hilo na liingie darasani. Lugha isiyothubutu kuyataja maovu yaliyotendwa kwayo, nani ataiamini inapotaja mema?