Si kila homa ni "malaria na taifodi"

Nilikuwa kimya kidogo, si mnajua tena mambo ya testi na asaimenti za kila wiki. Leo sina stori za chuo, nina dukuduku. Limenikaa rohoni muda mrefu na nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi.

Dukuduku lenyewe ni hili. Hapa hosteli kwetu Upanga hakuna mtu anayeumwa homa. Kila mtu anaumwa "malaria na taifodi". Yaani mapacha, haziachani! Mtu akiamka kichwa kinamgonga na mwili umechoka, mwenzake wa rumu ameshampa jina la ugonjwa kabla hajapiga mswaki. Akiwa dada anaongezewa na la tatu, "UTI sugu". Halafu safari inaanza, na siyo ya hospitali, ni ya duka la dawa. "Kaka, nipe mseto na sipro za buku." Sipro za buku jamani, kama mtu ananunua karanga za kutafuna kwenye mwendokasi.

Mimi nasema hivi, na wenye hasira za karibu mtanisamehe: homa siyo jina la ugonjwa. Homa ni dalili, mwili unakwambia kuna kitu, ukatafute ni kitu gani. Na sisi tunaosomea ualimu ndio tulitakiwa kuwa wa kwanza kulijua hilo, maana kesho tutasimama mbele ya watoto wa watu.

Tuanze na ushahidi, msije mkasema naropoka. Mwaka 2008 watafiti walichukua watoto 1,005 wenye homa waliokuja kutibiwa na kurudi nyumbani, hapa Dar na kule Ifakara, wakawapima kwa undani mmoja mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Malaria ilikuwa kama asilimia 10 tu. Taifodi haikufika hata asilimia 4. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kwa ujumla watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Virusi, wadau! Kitu ambacho sipro haikigusi hata ukimeza kopo zima.

Mtasema hao ni watoto na sisi ni watu wazima. Sawa, nakubali, siyo kitu kile kile. Lakini hebu niambieni, hiyo "malaria na taifodi" ya kila mtu hapa hosteli imetoka kwenye utafiti gani? Imetoka kwenye mazoea tu.

Haya, taifodi. Kuna watu wanajitetea, "mimi nilipima, nikaambiwa ninayo". Ulipimwa nini? Mara nyingi ni kipimo cha Widal, kilichoanzishwa na daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinaangalia kinga ambayo mwili umetengeneza, na kinga hiyo inaweza kuwa ya maambukizi ya zamani, au ikatokana na bakteria wengine wanaofanana nao. Kuna utafiti uliofanyika Muheza, Tanga, kwa watoto waliolazwa, ukachapishwa 2010. Kati ya wale ambao Widal ilisema wana taifodi, ni kama robo tu ndio walionekana nayo kweli damu yao ilipooteshwa maabara. Wewe umeshameza dozi ngapi kwa karatasi ya namna hiyo?

Na malaria je? Kipimo cha haraka tunacho, tone moja la damu kidoleni na jibu ndani ya dakika 15 au 20. Lakini hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kipimo hicho kilipoanza kutumika kwenye vituo vya afya hapa Dar, watafiti walifuatilia kilichotokea. Dawa za malaria zilipungua sana, safi kabisa. Lakini antibaotiki zikapanda! Yaani ikionekana hakuna malaria, basi apewe antibaotiki, ilimradi asitoke mikono mitupu. Na mgonjwa naye, tuseme ukweli, akitoka na ushauri tu bila kifuko cha dawa anaona ameibiwa.

"Sasa hasara iko wapi, si nimepona?" Umepona kwa sababu mafua na virusi vingi vinapona vyenyewe ndani ya wiki. Ungekunywa maji ya madafu ungepona vile vile na ungesifia madafu. Hasara zipo, tena kubwa.

Ya kwanza ni dengi. Mji huu ulipigwa na dengi mwaka 2014, ukapigwa tena 2019, na wagonjwa walikuwa maelfu. Inaanza na homa kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho na viungo. Ukishajipa jina la malaria, unameza mseto na juu yake diklofenaki ya maumivu. Ole wako! Kwenye dengi, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Kinachotakiwa ni parasetamoli kwa kipimo chake, maji mengi, na kuangaliwa. Na msidanganyike homa ikishuka, maana siku hizo ndizo za kuwa macho. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, au fizi na pua zikitoa damu, kimbia hospitali hapo hapo.

Ya pili ni kuua dawa. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vya malaria viliizoea. Ikaja SP, nayo ikaondolewa kama dawa ya kwanza mwaka 2006. Sasa tuko na mseto, na tayari kule Karagwe, Kagera, watafiti wamethibitisha vimelea vyenye usugu wa sehemu kwa artemisinini, ambayo ndiyo roho ya mseto. Upande wa bakteria ni balaa zaidi. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa mwaka 2019 peke yake watu kama milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alishaonya kuhusu kumeza dozi pungufu tangu alipopokea Nobel mwaka 1945. Miaka yote hiyo, na sisi bado tunanunua sipro za buku. Dada mwenye "UTI sugu", hivi umewahi kujiuliza huo usugu unatoka wapi?

Najua mawe yanakuja. "Hospitali kuna foleni, mimi nina kipindi saa mbili." "Boom halijatoka." Haya ni ya kweli na simcheki mtu. Ila piga hesabu vizuri. Mseto, sipro, na vidonge vya maumivu ambavyo hukuvihitaji, ukijumlisha kwa muhula mzima, ni pesa nyingi kuliko kipimo kimoja cha malaria. Foleni uliyoikwepa leo utaikuta wiki ijayo ukiwa hoi umebebwa kwenye bajaji. Halafu tunaishi Upanga jamani! Kuna watu wanatoka mikoani kwa basi usiku kucha kuifuata Muhimbili, sisi tunapita getini kwake kwenda kununua vidonge Kariakoo.

Wengine watasema nadharau malaria. Hapana. Malaria inaua. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka 5, na Tabora ilikuwa asilimia 23. Kwa hiyo kama umetoka likizo Tabora, Geita au Kigoma halafu homa ikakupata, usilale nayo, kapime siku hiyo hiyo na umwambie daktari ulikotoka. Ikionekana ipo, meza mseto wote, vidonge 24 kwa siku 3 kwa mtu mzima, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Usibakize vinne "vya akiba" kwa ajili ya mshkaji.

Na kabla ya homa yenyewe, kuna vitu havihitaji hata daktari. Funika ndoo zenu kule balkoni, maana maji yakikatika tunajaza kila chombo na mbu wa dengi anazaliana humo humo, tena anauma mchana, chandarua cha usiku hakimzuii. Chemsha maji ya kunywa. Osha mikono kwa sabuni kabla ya hizo chipsi. Kipindupindu kilichoanza hapa Dar Agosti 2015 hakikuuliza nani ana diploma.

Mwisho, wana ualimu wenzangu. Tutakwenda BTP, mtoto atakuja mezani anasema, "Mwalimu, kichwa." Tukimjibu "hiyo malaria hiyo", ataondoka na jibu hilo mpaka anazeeka, na atawapa wanawe. Mwambieni "twende ukapime". Ni maneno mawili tu, hata mwenye sapu tatu anaweza kuyakumbuka.

Anayebisha aje na hoja, siyo matusi. Nipo.