Namba yako, nani anaitoa?

Wandugu wa Kampemba,

Tunaambiana kila siku: «Andika kwa WhatsApp, kule hawasomi.» Ni kweli nusu. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa, na ufunguo uko katika telefone ya anayetuma na ya anayepokea tu. Lakini sosiete yenye kukuuzia unite inajua ulipigia nani, saa ngapi, na ulikuwa chini ya antene gani, ya Bel-Air ao ya Bongonga. SMS yako nayo haikufungwa. Kwa kumtafuta kijana nyumbani kwao, hayo yanatosha.

Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, serikali iliagiza na masosiete yakakata intaneti karibu siku 20. Ile, inchi nzima iliona. Lakini namba moja ikitolewa, nani anaona? Hata mwenye namba hajui.

Kwingine wateja wanajua. Uingereza ilidai mlango wa kuingia katika data za Apple. Februari 2025, Apple ikaondoa kule ulinzi wake wa juu kuliko kujenga mlango huo. Wateja walipoteza, lakini waliambiwa. Mwaka 2014 Vodafone, mzazi wa Vodacom, ilitangaza maombi ya serikali katika inchi 29. Kwa jirani yetu Tanzania peke yake: 98,765 kwa mwaka mumoja. Basi kuhesabu kunawezekana.

Watu watatuuliza: na wezi wa usiku je? Sisi ndio wanaotuvunjia milango! Polisi watafute wezi, hatukatai. Lakini juji asaini, kwa namba moja, kwa kesi moja. Kipengele cha 31 cha Katiba kinalinda siri ya mawasiliano ya kila mutu. Inaguswa tu pale sheria inaruhusu. Simu ya mukubwa kwa direkta si sheria.

Kwa hiyo tunadai kwa Vodacom, Airtel na Orange:

1. Kila mwaka, tangazeni mumepokea maombi ngapi, na mumekataa ngapi.
2. Bila karatasi yenye saini, musitoe kitu.
3. Uchunguzi ukiisha, mwenye namba aambiwe.

Pesa ya unite tunalipa sisi. Siri yake pia ni yetu.

Imeandikwa Kampemba, Lubumbashi