Ukialikwa Shabbat, Nenda

Kuna swali limeingia DM yangu mara kadhaa mwezi huu, nikaona heri nilijibu hapa mara moja. Mtu wa Eldoret ana rafiki wa chuo kutoka Mbale, Uganda. Rafiki ni Myahudi. Amemwalika kwa ibada ya Shabbat Ijumaa jioni, na baadaye kwa sherehe za Mwaka Mpya wao na Sikukuu ya Vibanda. Mama mtu amesikia, ameuliza, "Unaenda kubadilisha dini?" Pasta naye amesema sawa, aende, lakini abebe Agano Jipya akawahubirie.

Jibu langu ni fupi: nenda. Nenda kama mgeni, basi.

Sisi watu wa Eldoret tunapenda Israeli, lakini ya mbali. Bendera yake iko kwa matatu, iko madhabahuni, kuna makanisa yanapuliza pembe ya kondoo Jumapili, na watu wanachanga miaka kuenda Yerusalemu. Sasa mwambie mtu huyo huyo kwamba kuna Wayahudi ng'ambo tu ya Malaba, ukipita Tororo umefika, wanaimba Zaburi kwa Kiganda na kulima kahawa. Atakuuliza, "Ati Wayahudi weusi?"

Ndio. Wanaitwa Abayudaya. Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki mwa Uganda, aligombana nao, akasoma Biblia kivyake, akaamua kufuata Torati. Mwaka wa 1919 akatahiriwa, na jamii ikaanzia hapo. Idi Amin alipowapiga marufuku, wengi waliacha, wachache wakaendelea kusali kwa kujificha. Kampala ilipokombolewa Aprili 11, 1979, jioni hiyo hiyo Pasaka yao ilikuwa inaanza. Hebu fikiria hiyo Pasaka.

Watu waliowahi kusali kwa kunong'ona leo wanakwambia, "Karibu." Wewe unakataa kwa sababu gani hasa?

Na hapa wacha niwakumbushe kitu kuhusu mji wetu, kwa sababu mialiko ina historia hapa. Mwaka wa 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa Wayahudi nafasi ya kuishi hapa Uasin Gishu. Historia inauita Mpango wa Uganda, kwa sababu hadi 1902 upande huu ulihesabiwa Uganda. Wayahudi wa Urusi walikuwa wanauawa, Kishinev ilikuwa imetokea miezi michache tu nyuma, na Theodor Herzl akaupeleka mpango huo kwa mkutano wao kule Basel. Watu watatu wakatumwa kuja kukagua. Mwaka wa 1905 mkutano ukakataa.

Sasa jiulize: nani aliuliza Wanandi? Nani aliuliza Wamaasai waliochunga hapa kabla? Hakuna. Mgeni alimkaribisha mgeni mwenzake kwa boma la mtu mwingine. Na mwaka huo huo wa 1905, mwezi wa Oktoba, Koitalel arap Samoei aliitwa kwa mazungumzo ya amani na Mwingereza, akapigwa risasi. Mialiko miwili, yote ya uongo.

Ndio maana naona mwaliko wa Mbale si kitu kidogo. Huu unatoka kwa mwenye nyumba. Mlango ni wake, mkate ni wake, na hakutaki shamba wala kura. Mwaliko wa aina hiyo ndio tunaokosa.

Lakini mgeni ana adabu zake, kwa hivyo tuongee ukweli.

Kwanza, saa. Shabbat inaingia jua likizama. Ulaya saa hiyo inahamahama, wakati wa baridi ni mapema alasiri, kiangazi ni usiku. Huku kwetu karibu na ikweta haina mchezo, ni karibu saa moja jioni mwaka mzima. Fika mapema. "Niko njiani" haitakusaidia.

Pili, wanaume, kanisani tunavua kofia. Sinagogi unavaa. Usibishane, weka kikofia utakachopewa. Kuna sinagogi ambako wanaume na wanawake hukaa kando, na zingine hukaa pamoja, kwa hivyo muulize rafiki yako kabla.

Tatu, hakuna kikapu cha sadaka na hakuna namba ya till ukutani. Siku hiyo pesa haishikwi. Ukitaka kusaidia, subiri Jumamosi usiku.

Nne, na hii inaniuma kama mtu wa kontenti: simu izime. Hakuna vidio, hakuna selfie na Torati. Najua kinachokuja kichwani, "Sasa nitapost nini?" Hutapost. Utakaa, utasikiliza, utakula. Nyimbo zao zilirekodiwa vizuri kitambo na albamu ikateuliwa kuwania Grammy, hawakungoji wewe uwatoe.

Tano, usiende kuhubiri. Hebu geuza: mtu aje harusi ya dada yako Kapsabet, kabla ya chai aanze kuwaeleza wazee wako kwamba mila zao zina kasoro. Mngemtoa kwa adabu ama bila.

Sita, habari za Gaza. Una maoni yako, nami nina yangu. Lakini mkulima wa kahawa wa Mbale hakutuma ndege yoyote, na meza yake ya Ijumaa si mahakama. Ukitaka kuuliza, jenga urafiki kwanza.

Na ukisharudi, alika pia. Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka, tunapenda kualikwa kuliko kualika. Jua tu kwamba wanaoshika sheria zao za chakula hawachanganyi nyama na maziwa. Kwa hivyo ile heshima yetu kubwa, nyama choma na kibuyu cha mursik kando yake, kwake itakuwa mtihani. Muulize anakula nini. Matunda na chai ya rangi havijawahi kuvunja urafiki.

Kuna mtu ataniambia haya ni mambo madogo. Mimi naishi Eldoret. Kiambaa iko hapo tu. Januari 1, 2008 watu walikimbilia kanisani na kanisa likachomwa. Sisemi chakula cha Ijumaa kingezuia hilo. Nasema ni vigumu zaidi kumwaminisha mtu uongo kuhusu jirani ambaye amewahi kula kwake na kuona watoto wake wakigombania mkate.

Huko Mbale walijaribu kitu. Mwaka wa 2004 Wayahudi, Wakristo na Waislamu walianzisha ushirika mmoja wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Mwanzilishi wake, J.J. Keki, alikuwa New York Septemba 11, 2001, akaona kwa macho yake chuki ya dini inafanya nini. Akarudi nyumbani akaanza kupita kwa majirani, nyumba kwa nyumba.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hivyo mwambie mama hubadilishi dini, mwambie pasta Biblia yako itakungoja nyumbani, na umjibu rafiki yako leo. Mtu anayepika anahitaji kujua idadi.